Unaanza kutengeneza visu? Chanuka na mpini kwanza, kabla kisu kikuaibishe

Kisu cha kwanza nilichouza kilidumu wiki tatu. Chuma kilikuwa fiti, springi ya gari kutoka Gikomba, na makali yalikuwa yananyoa nywele za mkono. Mteja alikuwa msee wa bucha mtaani kwetu. Wiki ya tatu, akiwa katikati ya kukata mbavu, mpini ukapasuka, kisu kikageuka mkononi na kidole chake cha shahada kikashonwa nyuzi nne. Makali hayakuwa na makosa. Kosa lilikuwa langu: kile kipande cha gravilia nilikiokota kwa fundi wa viti kikiwa bado kibichi, na kwa haraka ya kushika doo sikungoja kikauke.

Wasee mob wanaoingia hii hasla huuliza chuma gani, moto kiasi gani, mafuta gani ya kuzimia. Mpini huwa kitu cha mwisho, saa tano usiku, unachapwa na chochote kilicho karibu. Na bado ndio sehemu pekee ya kisu ambayo mkono wa mtu unashinda umeshika. Hapa tunabonga mpini peke yake: utumie nini ukiwa unaanza, upate wapi hapa Kenya, na ni vitu gani vinaweza kukupeleka hospitali au ndani.

Mkia wa kisu ndio unaamua

Kabla uchague mbao, angalia mkia wa kisu, ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini. Kuna design mbili. Ya kwanza mkia ni mpana kama mpini wenyewe, unaenda hadi mwisho, na unabandika vipande viwili, kimoja kila upande, kama mkate na nyama katikati. Ya pili mkia ni mwembamba na unazama ndani ya kipande kimoja kilichotobolewa. Wahunzi wa zamani walikuwa wanauchoma huo mkia hadi uive, kisha wanauingiza kwa mti ujichomee shimo lake. Bado inafanya kazi, lakini mti ulioungua ndani haushiki gundi vizuri, kwa hivyo ukitumia hiyo njia kwangua makaa yote kwanza.

Ukiwa unaanza, piga mkia mpana. Kila kitu unakiona, hakuna shimo la kubahatisha, na mpini ukiharibika unaubandua na kuweka mwingine bila kuua kisu. Kila kipande cha upande kiwe na unene wa milimita 8 hadi 10 kabla ya kuchonga. Urefu wa mpini sentimita 11 au 12 unatosha mkono wa mtu mzima mwenye vidole vinne vya kawaida. Hujui shepu? Nunua kipande cha sabuni ya kufulia, kichonge kwa kisu cha jikoni hadi kikae vizuri kwa ngumi yako, kisha unakili hiyo. Ukikosea unafulia nguo.

Usiufanye mpini uwe duara kama fimbo ya ufagio. Mpini wa duara unazunguka mkononi, na ukifunga macho hujui makali yanaangalia wapi. Ufanye yai, mrefu kwa juu na chini, mwembamba kwa pande. Halafu ushike na mikono yenye sabuni na maji. Ukiteleza hapo, kwenye mafuta ya nyama utateleza zaidi.

Mbao: anza hapa

Mbao ndiyo mwalimu mzuri wa mwanzo. Inakatwa na msumeno wa kawaida, tupa na msasa, haihitaji mashine, na ukiharibu hujaharibu pesa nyingi. (Mtaani mbao pia ni shilingi ishirini, na kuna mafundi watakupatia mabaki kwa mbao ya ukweli ukiongea vizuri.) Kitu kimoja tu lazima kiwe sawa: iwe imekauka.

Mti ukiwa mbichi umebeba maji mob, na yakitoka unajikunja na kupungua, hasa kwa upana. Kwa urefu haubadiliki sana. Chuma hakipungui. Kwa hivyo mbao inajaribu kuwa ndogo, riveti zinakataa kuachilia, na kitu pekee kinachobaki ni kupasuka. Hiyo ndiyo ilimkata msee wa bucha.

Kujua kama imekauka huhitaji kifaa cha bei. Tafuta mizani ndogo ya jikoni. Pima kipande chako Jumamosi, andika uzito na kalamu juu ya mbao yenyewe. Rudia Jumamosi inayofuata. Kitaendelea kushuka, kushuka, halafu kitakataa. Kikikaa uzito mmoja wiki tatu mfululizo, unaweza kukitumia. Hesabu ya mafundi wa mbao ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, lakini ukipasua vipande vyembamba vya sentimita moja na nusu, miezi michache inatosha. Paka nta ya mshumaa au rangi kwenye ncha mbili, juu ncha ndizo zinapoteza maji haraka na kuanza nyufa. Viweke kivulini penye upepo. Usivianike juani na usiviweke juu ya jiko ati unaharakisha.

Kama huna hiyo subira, kuna njia ya mkato ambayo ningependa ningeijua mapema: fanicha iliyovunjika. Mguu wa kiti cha zamani cha mvule au mahogani umekaa ndani ya nyumba ya mtu miaka ishirini ukikauka. Mathe anautupa, wewe unapata mipini minne.

Ukishakuwa na mbao kavu, angalia nyuzi zake zinaelekea wapi. Lazima zikimbie kwa urefu wa mpini. Zikikatiza kwa mkingamo, mpini utavunjika kama biskuti siku kisu kitaanguka.

Sasa miti yenyewe. Jakaranda ni nyepesi na laini, inachongeka kama mchezo. Ya kujifunzia ni poa, ya kisu cha bucha hapana. Saiprasi ni laini zaidi, ukiubonyeza na ukucha unaacha alama, achana nayo kabisa. Gravilia, licha ya kile ilichonifanyia, ikiwa kavu ni nzuri na ina madoadoa ya kupendeza ikipakwa mafuta. Mwembe unachongeka vizuri lakini wadudu wanaupenda, kagua vitundu. Mwarobaini ni ngumu kiasi, una rangi ya kahawia yenye wekundu, na wadudu wanauogopa. Kama una watu Ukambani, uliza mukau. Unamea pande hizo kavu, mbao yake iko karibu na mahogani kwa sura, na mchwa hawauwezi.

Kwa visu vya kazi ngumu, ile yangu ya kwanza ni mutamaiyo, mzeituni wa mwituni, ambao Wamaasai wanauita oloirien. Ni mzito, nyuzi zimebanana, una michirizi ya kahawia iliyokolea, na ni mti ambao watu wametumia miaka na miaka kwa mipini na rungu. Lakini usiende msituni kukata. Miti ya asili ina ruhusa zake kutoka KFS, na mpini mmoja haustahili kesi. Tafuta tawi lililokufa shambani kwa mtu unayemjua, au mabaki kwa wachongaji.

Na hao wachongaji ndio siri ya bei rahisi. Uchongaji wa Wakamba wa kuuza ulianzia Wamunyu, na historia inamtaja Mutisya Munge, aliyeona kazi ya Wamakonde akiwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia akarudi nayo nyumbani. Leo kuna chama kikubwa cha wachongaji Changamwe, Mombasa, na wengine wako Nairobi pande za Gikomba. Kipande ambacho hakitoshi kuchonga twiga kinatosha kabisa mpini wa kisu. Kwa meza zao utakutana na muhugu, ambao unanukia vizuri hata baada ya miezi, na mpingo.

Mpingo ndio kila mtu anataka. Ni mweusi, ni mzito hadi ukiutupa majini unazama, na kisu chenye mpini wa mpingo kinauza bila maneno. Ushauri wangu: usianze nao. Ni mgumu hadi msasa unalia, na ukisugua haraka unapata joto na kutoa nyufa ndogo ambazo utaziona kesho yake. Una mafuta ya asili, kwa hivyo gundi inateleza usipoufuta na asitoni dakika chache kabla ya kubandika. Ukigonga riveti juu yake kwa nyundo, kwaheri. Tengeneza mipini mitano ya miti mingine, halafu urudi kwa mpingo. Na kitu kingine: tangu 2017 aina zote za Dalbergia, na mpingo ukiwemo, ziko kwenye orodha ya mkataba wa CITES. Ukipata mteja wa majuu, uliza KWS kuhusu karatasi kabla upeleke kifurushi posta. Mashirika ya mazingira yamekuwa yakisukuma wachongaji watumie mwarobaini, mwembe na jakaranda badala ya mpingo na muhugu, juu hiyo miwili inakua pole pole sana na imekatwa mob.

Vumbi la mbao si mchezo. La mpingo na la mvule linawasha ngozi na macho, na kuna watu kifua kinabana. Leo hausikii kitu, baada ya mwaka mwili unakataa kabisa. Nunua maski ya N95. Leso haizuii kitu.

Jambo la mwisho kuhusu mbao ni hali ya hewa. Mpini uliotengenezewa Nairobi ukienda kuishi Mombasa utavimba kidogo. Uliotengenezewa Mombasa ukienda Lodwar utapungua, na ukingo wa chuma utachomoza hadi uukwaruze mkono. Muulize mteja kisu kinaenda wapi.

Mfupa na pembe

Hapa ndipo Kenya imebarikiwa. Kibera kuna mafundi ambao wametengeneza bangili na hereni za mifupa ya ng'ombe kwa miaka mingi, na mifupa yenyewe inatoka vichinjioni. Kwa mpini unataka mfupa wa mguu, ule ulionyooka wenye ukuta mnene. Wa ngamia ni mnene zaidi ukiupata.

Chemsha kwa moto mdogo na sabuni ya vyombo, saa moja au mbili, ukitoa uboho na mafuta. Ukizidisha utakuwa mkavu kama chaki na utavunjika. Ukitaka uwe mweupe tumia haidrojeni peroksaidi ya duka la dawa. Dawa za klorini za kufulia zinakula mfupa kutoka ndani, uso unakuwa unga. Ukishakauka, toboa pole pole bila kusukuma. Vipande vitatoka vyembamba, milimita 5 au 7, kwa hivyo vinafaa kisu kidogo cha jikoni au cha kukunja. Kisu cha kugonga mifupa usikiwekee mfupa.

Pembe ya ng'ombe ni tofauti kabisa. Ni kitu kimoja na kucha zako, na ikipata joto inalainika. Unaichemsha itoke kwenye ule mfupa wa ndani, unaikata, unaichemsha tena hadi iwe kama mpira, kisha unaibana katikati ya vyuma viwili na klampu hadi ipoe ikiwa imenyooka. Rangi zake ni noma, nyeusi inayoingia kwa maziwa. Shida ni kwamba inakumbuka. Ikikaa mahali penye unyevu inajaribu kurudi kujikunja, kwa hivyo weka riveti karibu na kila ncha. Halafu ukiisugua inanuka kama nywele zinazoungua. Mara ya kwanza nilifanyia ndani ya keja na jirani alikuja kugonga mlango.

Sasa sikiza vizuri. Usichukue mfupa wala pembe ya mnyama aliyekufa tu huko ocha bila mtu kujua amekufa na nini. Kimeta hutokea Kenya, na vijidudu vyake vinakaa kwa mifupa, ngozi na pembe kwa muda mrefu sana. Wewe ukisugua unavigeuza vumbi na kuvivuta. Nunua kitu cha mnyama aliyepita kichinjioni na kukaguliwa na daktari wa mifugo. Dagoretti kuko karibu.

Jinzi za mtumba

Hii ndiyo napenda kuliko zote, na ndiyo nafikiri kila mtu anayeanza angejaribu baada ya mbao. Kuna kitu kinaitwa Micarta, jina la kampuni ya Westinghouse ya Marekani, lililoanza karibu 1910. Walikuwa wanapanga vitambaa au karatasi, wanavilowesha kwenye rezini, wanabana kwa joto hadi viwe ubao mgumu wa kuzuia umeme. Watengeneza visu wakaona kwamba haupasuki, hauvimbi, na ukilowa unashika mkono vizuri zaidi.

Yako utaitengenezea uani. Chukua jinzi kuukuu, iliyochanika kabisa, isiyouzika hata Gikomba. Ifue, ikauke kabisa, kata vipande vya sentimita 5 kwa 15. Unahitaji 12 hadi 15 kwa unene wa sentimita moja hivi, kutegemea kitambaa. Rezini unapata kwa maduka yanayouza vifaa vya fibaglasi, kule kule mafundi wa bodi za matatu wananunua. Inakuja na chupa ndogo ya dawa ya kuigandisha, na kipimo ni kidogo sana, kawaida asilimia 1 hadi 2. Soma kibandiko. Ukimwaga kwa macho tu inapata moto, inatoa moshi na kujaa nyufa. Hiyo chupa ndogo ikirukia jicho inaweza kuliua, vaa miwani. Glavu pia. Na fanyia nje, si kwa keja yenye dirisha moja.

Tandika plastiki ya kufunikia chakula juu ya ubao, lowesha kila kipande cha jinzi hadi kiive rangi, panga moja juu ya kingine, funika, weka ubao wa pili na ubane na klampu mbili au tatu. Rezini itatoka pembeni, iachie. Kesho yake una ubao wa buluu ambao ukiuchonga tabaka zinatokea kama ramani ya milima. Changanya jinzi nyeusi na kitambaa chekundu uone. Makosa ya wengi ni kuweka vitambaa vikavu katikati. Hapo katikati patabanduka, na huwezi kujua hadi uanze kukata.

Ukisugua, maski tena. Vumbi la rezini ni baya kuliko la mbao.

Plastiki na vitu vya majuu

G10 ni binamu ya Micarta, kioo kilichosokotwa na epoksi. Ni ngumu sana, haijali maji wala jua, lakini inakula tupa na vumbi lake ni vioo vidogo vidogo. Kuagiza nje kwa kisu chako cha tatu ni kuchoma chapaa.

Plastiki za jeriken na vifuniko vya chupa zinaweza kuyeyushwa kwa takriban digrii 130 na kubanwa kuwa ubao wenye rangi mob. Bucha kubwa na jikoni za hoteli zinapenda mipini ya plastiki juu hainywi damu na maji, kwa hivyo soko lipo. Kumbuka tu gundi haishiki hii plastiki hata kidogo, mpini wote utategemea riveti. Na usiyeyushe bomba la PVC kamwe. Linatoa gesi ya asidi inayochoma mapafu.

Vitu vya kukaa mbali navyo

Siku moja mtu atakuja na bei tamu. Atakuwa na jino la ngiri, au kipande cha jino la kiboko, au kitu cheupe ambacho hataki kukitaja jina. Mwambie hapana na umtoe kwa workshop. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kuwa nacho tu bila kibali ni kosa. Faini huhesabiwa kwa milioni na kifungo kwa miaka. Haijalishi ati kiliokotwa shambani; cha shambani kinapelekwa KWS. Serikali hii si ya mchezo kwa hilo jambo: Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989 mbele ya kamera za dunia, na Aprili 2016 Uhuru akachoma tani 105 hapo Nairobi National Park. Wewe na kisu chako cha kuuza kwa Instagram, na picha umeweka mwenyewe, ni kesi iliyojileta. Pembe ya swara na ya nyati ziko kundi hilo hilo. Msandali nao ulipigwa marufuku kuvunwa 2007.

Kuna hatari nyingine haina karao. Nguzo ya stima iliyoanguka inaonekana kama mbao ya bure, lakini nguzo na posti nyingi zimetiwa dawa. Zenye kijani kibichi kidogo zina shaba, kromu na aseniki. Nyeusi zenye harufu ya lami zina kreosoti. Hivyo vitu unavivuta ukisugua, na mteja anavishika akikata kachumbari. Paleti za Industrial Area zina muhuri: HT maana yake zilipigwa joto, MB maana yake zilipulizwa methili bromaidi. MB ziache hapo hapo.

Kubandika usibanduke

Tumia epoksi ya mirija miwili, ile inayochukua saa 24. Ya dakika tano ni dhaifu, na gundi ya papo hapo inavunjika kisu kikianguka sakafuni. Kwangua chuma na ndani ya mbao na msasa wa 60 au 80 hadi viwe na makovu, futa na asitoni, na usiguse tena na vidole. Ukibana na klampu usikaze hadi gundi yote itoke. Inatakiwa ibaki kidogo katikati.

Gundi peke yake haitoshi, weka pini mbili au tatu. Za shaba ya njano unazipata rahisi: fito za shaba za kuchomelea, ambazo hadiwea nyingi zinauza. Kama zimepakwa dawa nyeupe, ikwangue. Msumari wa inchi nne pia unafanya kazi, lakini utashika kutu na kuchafua mbao. Nunua biti ya kutobolea inayolingana na fito yako, usibahatishe. Toboa kipande cha kwanza ukipitia matundu ya mkia, kibandike, ndio utoboe cha pili. Ukitoboa vyote mbali mbali havitakutana.

Kabla ya kubandika, malizia sehemu ya mbele ya mpini, ile inayoangalia makali. Ukishabandika huwezi kuisugua bila kukwaruza chuma. Nimeisahau mara tatu.

Mafuta, na yale matambara

Sugua na msasa wa 120, kisha 220, kisha 400. Lowesha mbao kidogo, nyuzi zisimame, ikauke, sugua tena. Halafu paka mafuta ya linsidi kidogo, futa yote yanayobaki juu, ngoja siku, rudia mara nne au tano. Malizia na nta ya nyuki. Vanishi inang'aa kwa picha lakini inateleza, na ikianza kubambuka inaonekana vibaya.

Yale matambara uliyofutia mafuta ya linsidi usiyakunje na kuyatupa kwa kona. Linsidi ikikauka inatoa joto, na matambara yaliyokunjamana yanaweza kushika moto yenyewe, bila kiberiti, wewe ukiwa umelala. Yatandaze nje moja moja hadi yakauke kabisa, au uyazamishe kwa mkebe wa maji.

Kisu kikiwa tayari, mwambie mteja asikiache ndani ya karai la maji usiku mzima. Ukikipeleka kwa mat, kifunge kwa gazeti na kitambaa, kikae chini kabisa ya begi pamoja na risiti. Karao akikupata na kisu uchi hatataka kusikia habari ya hasla.

Yule msee wa bucha nilimtengenezea kingine, bure, mpini wa jinzi na pini tatu. Bado anacho, ni mwaka wa pili sasa. Nusu kilo yangu lakini huwa bado nyepesi.